Nesi, Ridhaa na Amana: Kutoka Tuskegee hadi Majengo



Tukisoma historia ya utafiti wa tiba, majina tunayoyakuta ni ya madaktari na maprofesa. Anayesahaulika ni yule aliyemfikia mgonjwa kwanza, akasema naye kwa lugha anayoielewa, akamtoa hofu, mpaka mgonjwa akakubali kunyosha mkono atolewe damu. Mara nyingi huyo ni nesi. Naomba niwaeleze habari za manesi wawili, mmoja wa Alabama na mmoja wa Nairobi. Kazi zao zilifanana sana, lakini mwisho wake ulikuwa mbali mbali kabisa.

Wa kwanza ni Eunice Rivers. Mwaka 1932 idara ya afya ya serikali ya Marekani ilianza utafiti wa kaswende katika wilaya ya Macon, karibu na Tuskegee. Wanaume Weusi 399 wenye ugonjwa na 201 wasio nao wakaandikishwa. Hawakuambiwa wana kaswende, waliambiwa wana "damu mbaya". Rivers, mwanamke Mweusi kama wao, ndiye aliyewafuata majumbani, akawachukua kwa gari lake hadi kwa madaktari, na akazungumza na jamaa za waliofariki ili maiti zipasuliwe, kwa ahadi ya kulipiwa gharama za mazishi. Penisilini ilipothibitika kuwa dawa ya ugonjwa huo katika miaka ya 1940, wale wanaume hawakupewa. Mambo yaliendelea hivyo mpaka magazeti yalipoyafichua mwaka 1972. Ni miaka 40! Wakuu wa utafiti walibadilika mmoja baada ya mwingine, Rivers akabaki. Bila yeye, sidhani kama utafiti ule ungefika hata miaka kumi.

Wa pili ni Elizabeth Ngugi, muuguzi wa afya ya jamii ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1980 chuo hicho kilianza kushirikiana na Chuo Kikuu cha Manitoba cha hapa Kanada kutafiti ugonjwa wa pangusa na magonjwa mengine ya zinaa. Utafiti ukawafikisha Majengo ya Pumwani, mtaa wa Waswahili tangu miaka ya 1920, ambako wanawake wengi waliofanya biashara ya ngono walikuwa wametoka Bukoba. Vipimo vya mwaka 1985 vilishtua watu: matokeo yaliyochapishwa mwaka uliofuata yalionyesha kwamba asilimia 66 ya wanawake wa tabaka la chini waliopimwa Nairobi walikuwa na virusi vya Ukimwi.

Sasa hapo ndipo Ngugi alipofanya kazi yake. Hakutegemea kumvuta mwanamke mmoja mmoja pembeni tu. Aliitisha baraza. Wanawake wakaelezwa waziwazi kwamba ugonjwa umeingia kati yao na namna ya kujikinga, wakagawiwa kondomu, wakatibiwa magonjwa mengine ya zinaa, na wakachagua wawakilishi wao wenyewe. Baraza si mbinu ya kigeni. Kila mtu wa Majengo anajua kwamba barazani unaweza kuuliza, kubisha, hata kuinuka ukaondoka.

Kuna wanaodai kwamba tatizo ni nesi kunyimwa sifa, na kwamba jina lake likiwekwa kwenye makala haki imetendeka. Historia inawakatalia. Ripoti ya mwaka 1953 iliyoeleza miaka 20 ya Tuskegee ina jina la Rivers mwanzo kabisa. Makala ya mwaka 1988 katika jarida la Lancet kuhusu kinga kwa wanawake wa Nairobi nayo inaanza na jina la Ngugi. Wote wawili waliheshimiwa kwenye karatasi. Tofauti ni kile nesi alichomrudishia mgonjwa. Rivers alibeba imani ya watu kuipeleka kwa watafiti, akarudi bila ukweli na bila dawa. Ngugi alirudi na habari na kinga.

Hata hivyo tusiipambe Majengo kupita kiasi. Damu ya wanawake wale iliifundisha dunia mengi, hasa ilipobainika kuwa baadhi yao hawaambukizwi ingawa wanakutana na virusi miaka nenda miaka rudi. Dawa za mchanganyiko zilizorefusha maisha zilipatikana nchi tajiri kuanzia 1996, lakini Kenya zilianza kuwafikia wengi katikati ya miaka ya 2000. Katika muda huo wako waliozikwa. Nesi mwema hawezi peke yake kulipa deni la taasisi.

Kwa nini nayasema haya kutoka Richmond Hill? Kwa sababu wazee wetu huku kaskazini ya Toronto nao wanaombwa kushiriki majaribio ya dawa za kisukari, moyo na saratani. Huniletea fomu za ridhaa niwasomee, kurasa na kurasa za Kiingereza kigumu, na kabla sijamaliza wengine hunikatiza: "Nesi amesema ni sawa?" Mwongozo wa maadili ya utafiti wa Kanada, uliotolewa kwanza mwaka 1998, unaonya kwamba ridhaa inaweza kuharibika anayeiomba akiwa ndiye mwenye mamlaka juu ya mgonjwa. Sawa, lakini mzee hamtii nesi kwa kumwogopa. Anamwamini, na imani hiyo ni amana.

Kwa hiyo wenzetu mnaofanya kazi hospitalini, na mliomo kwenye kamati za maadili, nawaomba mtake majibu ya mambo matatu kabla nesi hajatumwa kwa mgonjwa. Je, nesi mwenyewe ameelezwa utafiti wote, au sehemu tu? Ana ruhusa ya kumwambia mgonjwa "usikubali"? Na matokeo yakitoka, nani atarudi kumweleza mzee, na kwa lugha gani?

Wasalaam,
Richmond Hill, Ontario