Kikwit 1995: mwenzako wa kazi akiwa mgonjwa

Wasomi wenzangu, tukizungumza Ebola ya Kikwit tunataja wagonjwa 315, na zaidi ya 250 waliokufa. Kuko namba ingine inayoniuma zaidi: karibu 80 kati yao walikuwa watu wa afya.

Mwezi wa 4, fundi mmoja wa laboratwari alipasuliwa tumbo pale hospitali kuu. Walifikiri matumbo yametoboka. Kisha wale waliompasua na kumtunza wakaanza kuanguka mmoja mmoja: wanganga, wauguzi, masista wa Italia.

Fikiri basi ile kazi. Mtu uliyeshinda naye zamu ya usiku sasa amelala kitandani, nawe unaogopa kumgusa. Wengine walikimbia. Mie siwalaumu hata kidogo, maana glavu zenyewe zilikuwa za kutafuta.

Mwezi wa 6, wanganga Wakongomani wakataka kumtia muuguzi mwenzao damu ya mtu aliyepona. Wataalamu wa kigeni walisita: hakuna hakika. Wenyeji wakafanya tu. Kwa jumla watu 8 walipewa damu ile, 7 wakaishi. Ni damu, ao ni matunzo yaliyokuwa yamekwisha kuwa mazuri? Ubishi ule ni halali. Sisi wa agronomia tunajua mbolea haipimwi pasipo shamba la kulinganisha. Lakini aliyekuwa zamu siku zile alikuwa na swali lingine: nikianguka mie, wenzangu watanikaribia? Yule muuguzi, walimkaribia.