Tarikhi ya Udhuru wa Miguu

Miongoni mwa nyudhuru zote ambazo mwanadamu amezitunga tangu alipoanza kuutaabisha mwili wake kwa hiari, bila ya kulazimishwa na jembe wala kasia, sidhani kama upo uliostawi kama ule wa kuahirisha mazoezi ya miguu. Na mahali unapostawi zaidi ni ughaibuni, ambako kijana aliyeondoka kwao Tanga au Lamu kwenda kusoma Leeds, au kutafuta riziki Maskati, hujikuta amefunguliwa na ugeni wenyewe ghala zima la sababu: baridi, zamu za usiku, jirani wa ghorofa ya chini asiyestahimili kishindo, na zile ngazi za stesheni ambazo, kwa hesabu yake, zimekwisha kumtosha. Kifua hakisingiziwi baridi. Mikono haichoshwi na zamu za usiku. Jumatatu vyote viwili hukutwa mbele ya kioo, vikitunishwa kwa bidii isiyo na kifani, na ikifika siku ya miguu mtu yule yule hukumbuka kwamba yuko mbali na mama yake.

Nyudhuru hizi hazifahamiki vema ila kwa kuitazama tarikhi ya zoezi lenyewe, yaani kuchuchumaa na kuinuka, kwa mzigo au bila mzigo, kwa maana humo hujitokeza jambo la kustaajabisha: walio wengi katika wale walioifanya kazi ya miguu ikaheshimiwa walikuwa wageni katika nchi za watu, wenye kila haki ya kulalamika, na ugeni huo huo unaotajwa leo kuwa kizuizi ndio uliolibeba zoezi kutoka bara hadi bara.

Mwaka 1910 alifika London mpiga mieleka wa Kihindi, Ghulam Muhammad, ambaye ulimwengu humjua kwa jina la Gama. Alikuwa ametoka katika malezi ya akhara, yale mashimo ya udongo laini wanamofundishwa wapiga mieleka wa Bara Hindi, na humo kazi ya miguu haikuwa hiari ya mwanafunzi bali nusu ya ada ya kila siku, kwani baithak, kuchuchumaa na kuinuka bila chuma kwa mwendo wa haraka, ilifanywa sambamba na kazi ya mikono, wala hapakuwa na mwalimu aliyekubali moja bila ya nyingine. Husimuliwa kwamba Gama alizifanya kwa maelfu kila siku; idadi yenyewe hubadilika kwa kila msimulizi, na mimi sina haja ya kuitetea, ila picha za mapaja yake zimebaki, nazo zinamshuhudia. Tarehe 10 Septemba ya mwaka ule alikabiliana katika uwanja wa Shepherd's Bush na Stanislaus Zbyszko, Mpolandi mwenye mwili mkubwa kuliko wake, ambaye baada ya kuona nguvu alizokutana nazo alilala kifudifudi juu ya mkeka na kung'ang'ania hapo kwa zaidi ya saa mbili, hata waamuzi wakatoa suluhu na kuamuru warudiane juma la pili. Juma la pili Gama alikuja, Zbyszko hakutokea. Mwenye kuishi katika nyumba ya kupanga katika mji wa kigeni, mwenye chakula asichokizoea na mawingu asiyoyajua, ndiye aliyehudhuria. Na walipokutana tena huko Patiala mwaka 1928, mchezo haukufika dakika moja.

Ulaya ya zama zile ilikuwa na mashujaa wake wa nguvu, na mkubwa wao kwa umaarufu alikuwa Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg aliyejifanyia makazi Uingereza, ambaye tarehe 14 Septemba 1901 aliandaa katika Royal Albert Hall mashindano makubwa ya umbo la mwili, akiketi kwenye meza ya uamuzi pamoja na mchongaji sanamu Charles Lawes na mwandishi Arthur Conan Doyle. Sandow mwenyewe hakuwa na miguu ya kuonewa haya. Lakini sanaa yake na ya wenziwe ilikuwa sanaa ya jukwaa, na katika jukwaa mkono ulioinuliwa juu na chuma huonekana hata na mtu wa kiti cha mwisho, ilhali kazi ya paja hufichwa na suruali au na kiti cha mbele. Tena palikuwa na sababu ya kiufundi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo udhuru pekee wa kweli katika habari hii nzima: hapakuwa na viegemeo vya kuwekea chuma kwa kimo cha mabega, hivyo mtu hakuweza kuchuchumaa na mzigo wowote ila ule ambao mikono yake iliweza kwanza kuupandisha kutoka ardhini, na kwa kuwa miguu ina nguvu kuliko mikono kwa kiasi kikubwa, ilibaki na njaa. Katika nchi nyingi zoezi lilifanywa kwa uzani mwepesi, visigino vikiwa vimeinuka, kama kiungo cha kumalizia kazi.

Aliyeuvunja udhuru huo alikuwa Mjerumani, Heinrich Steinborn, ambaye Wamarekani walimpa baadaye jina la Milo. Vita vya 1914 vilipozuka alijikuta upande wa pili wa dunia, akatiwa kizuizini Australia pamoja na raia wenzake, na miaka hiyo ya kufungiwa, ambayo ingemtosha mtu mwingine kuwa sababu ya maisha yake yote, yeye aliitumia kujizoeza. Mwaka 1921 aliingia Marekani, akafikia Philadelphia, mji ambao tangu 1902 ulikuwa na kiwanda cha vyuma vya mazoezi cha Alan Calvert, na huko aliwaonyesha wenyeji jambo ambalo hawakuwa wamelifikiria. Aliusimamisha mtarimbo wima, ncha moja chini na sahani zake nyingine zikiwa juu karibu na kichwa chake, akainama ubavuni mwake na kuuegemea hata ukaanguka taratibu juu ya mabega yake, akachuchumaa nyayo zikiwa zimekaa sawasawa sakafuni, akainuka, akachuchumaa tena, kisha akaushusha kwa njia ile ile uliyopandia, bila ya msaidizi wala kiegemeo. Uzito ulipita ratili 500. Wanyanyua vyuma wa Marekani, ambao hata hapo walikuwa wakihesabu ratili za mikono, walianza kuhesabu za miguu.

Kilichofuata katika miaka ya 1930 kilikuwa karibu na tarika. Mhariri Mark Berry aliwahimiza wasomaji wa jarida lake la *Strength* wachukue uzito mkubwa na kuchuchumaa nao mara 20 mfululizo, wakivuta pumzi kubwa kati ya mara na mara, kisha wanywe maziwa kwa wingi. Na mfuasi wake Joseph Curtis Hise alinenepa kwa njia hiyo kiasi cha kuwafanya wengine waandike barua za kuulizia siri. Peary Rader, aliyekuwa mwembamba wa kusikitisha kabla ya kuifuata dawa hiyo, alianzisha huko Nebraska mwaka 1936 jarida la *Iron Man*, akaihubiri kwa miongo. Kisha akatokea Paul Anderson wa Toccoa, mji mdogo wa Georgia, ambaye kwa kukosa vifaa alichimba shimo ardhini, akasimama ndani yake ili mzigo uliowekwa juu ya ukingo umfikie mabegani, na kadiri alivyopata nguvu akalifukia shimo kidogo kidogo, ili kila mara awe na masafa marefu zaidi ya kuuinua. Mwaka 1955 alisimama Moscow mbele ya halaiki ya Warusi na kuwastaajabisha, na mwaka uliofuata akatwaa dhahabu ya Olimpiki huko Melbourne. Anayesema leo kwamba chumba cha mazoezi cha mtaa wake kina viegemeo viwili tu, na vyote vimeshikwa, na alitafakari shimo hilo.

Udhuru wa nguo ni wa namna yake, kwa sababu hausemwi, huvaliwa. Suruali ndefu katika chumba cha mazoezi ni stara kwa mwenye haya, na pia ni pazia kwa mwenye kujua kilichopo nyuma yake. Kijana wa Austria, Arnold Schwarzenegger, alikuwa na mikono na kifua vya kuogofya katika miaka ya 1960, lakini matafu yake ya miguu yalikuwa nyuma sana, na jambo hilo lilimdhihirikia alipomtembelea Reg Park huko Johannesburg. Park naye alikuwa mhamiaji, Mwingereza kutoka Leeds, mshindi wa taji la Mr. Universe mwaka 1951, 1958 na tena 1965. Alikuwa akiamka kabla ya mapambazuko na kuyafanyisha kazi matafu yake kwa uzito uliofika ratili 1,000. Schwarzenegger alihamia Marekani mwaka 1968, na huko California alichukua mkasi akazikata suruali zake za mazoezi kwenye magoti, ili kila aingiaye auone upungufu wake na aibu imfuatilie mpaka aufute. Nadhani ndiyo mara moja katika tarikhi hii ambapo ugeni ulifanya kazi kwa macho ya watu: nyumbani angecheka na marafiki, ugenini alitazamwa.

Sasa tufike kwenye udhuru mkubwa, wenye heshima ya elimu, ambao umewahudumia wavivu kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1961 Karl Klein, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Texas, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya magoti ya wanyanyua vyuma. Alikuwa ameyapima kwa chombo alichokiunda mwenyewe, akayalinganisha na ya watu wasiochuchumaa na mzigo, akahukumu kwamba kushuka mpaka chini kabisa hulegeza kano za pande za goti. Mwaka uliofuata jarida la *Sports Illustrated* likalieneza jambo hilo kwa umma, na kwa muda mfupi walimu wa michezo mashuleni wakaliondoa zoezi, na makocha wakalikataza. Watafiti waliorudia vipimo katika miaka ya 1970 na 1980 hawakuyapata aliyoyapata yeye, na mwaka 1984 Terry Todd, mwanatarikhi wa michezo ya nguvu ambaye naye alikuwa bingwa wa kuchuchumaa na chuma, aliichambua kazi ile hatua kwa hatua. Mvuvi wa Pwani anayetengeneza nyavu zake, au fundi anayekalafati ubao wa chini wa mashua, huchuchumaa kwa muda ambao ungemtisha Klein, ingawa ni haki kusema kwamba hana ratili 300 mabegani. Na iko nukta ambayo wanaomtegemea Klein, wengi wao bila ya kulijua jina lake, hawaitaji kamwe: yeye hakulipiga marufuku zoezi, alipendekeza tu mtu ashuke mpaka mapaja yawe sambamba na sakafu. Fatwa ya kupunguza kina ikasomwa kuwa fatwa ya kubaki kitandani.

Mashine zilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1970 Arthur Jones, mtu mwenye maneno makali aliyewahi kuishi Rhodesia akipiga filamu za wanyama, alileta mashine zake za Nautilus, na vyumba vya mazoezi vikajaa viti; mwenye kutaka kufanya kazi ya miguu akiwa amekaa akapata alichokitaka. Viti hivyo vina faida zake, nami si mmoja wa wanaovilaani.

Kwa mtu wa Pwani aliyeko ugenini, jambo hili lina mizani iliyo karibu naye zaidi kuliko majarida ya Marekani. Sheria inamtambua msafiri, inampunguzia sala na kumwahirishia saumu, na hakuna anayemlaumu. Ila katika madhehebu ya Shafii, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ameacha kuwa msafiri na amekuwa mukimu, na ruhusa yake imekwisha. Mwenye mkataba wa miaka minne Doha, mwenye friji yake na kadi ya basi, hawezi kudai mbele ya miguu yake udhuru ambao mbele ya fakihi asingethubutu kuutaja. Mwezi wa Ramadhani ni mlango mwingine, na mwenye funga aliyefanya kazi mchana kutwa katika joto la Ghuba hana wa kumhoji.

Sababu ya asili, iliyoko chini ya zote, ni maumivu, yale yasiyokuja siku ile ile bali siku ya pili na ya tatu, ambayo yakiwa kwenye mkono hufichika ndani ya koti, na yakiwa kwenye paja humfanya mtu ashuke ngazi za stesheni kinyumenyume mbele ya halaiki ya wageni wanaowahi kazini. Mtaalamu wa Kimarekani Theodore Hough aliyaandika kisayansi mwaka 1902, akayatenga na uchovu wa kawaida, akadhani kwamba chanzo chake ni kuchanika ndani ya msuli wenyewe, na rai yake hiyo haikuwa mbali na wanayoyasema wataalamu wa leo. Vipimo vyake alivifanya kwa chombo cha kuvutia uzani, na kiungo alichokichagua kukitaabisha kwa ajili ya elimu kilikuwa kidole cha mkono.