Chai ya Magendo Katika Baa ya Mermaid

Rye ni mji mdogo wa Sussex, kusini mwa Uingereza. Wageni wakifika, wengi hupanda barabara ya mawe iitwayo Mermaid Street hadi kwenye baa ya zamani yenye jina hilo hilo: Mermaid Inn. Si baa ya jana. Wafaransa waliuchoma mji mwaka wa 1377, na jengo la sasa husemwa lilijengwa 1420 juu ya stoo za chini zilizo kongwe zaidi. Enzi hizo bahari ilifika mguuni pa mji. Kisha mchanga na matope vikaijaza bandari, na leo ufuo uko mbali kidogo, kama kilomita 3.

Lakini kinachowavuta wageni si umri wa mbao. Ni majambazi. Miaka ya 1730 na 1740, genge lililojulikana kama Hawkhurst Gang, kwa jina la kijiji kimoja cha Kent, lilikuwa na maskani yake humu. Inasimuliwa kwamba jamaa walikaa wakinywa, bastola zenye risasi zikiwa mezani mbele yao, na hakuna hakimu aliyethubutu kuwauliza kitu.

Na walikuwa wanauza nini? Chai. Ndiyo, majani ya chai, hiyo hiyo ya asubuhi.

Chai ya wakati huo ilitoka China. Huku kwetu bado. Miche ya kwanza ilipandwa Limuru 1903. Kampuni moja tu, East India Company, ndiyo iliyoruhusiwa kuileta Uingereza, na serikali ikaitwika ushuru mzito kwa sababu ilihitaji pesa za vita. Ng'ambo ya mlango mdogo wa bahari, Ufaransa na Uholanzi, chai hiyo hiyo ilikuwa bei rahisi. Basi mashua zikavuka usiku. Kibarua wa shamba akibeba mizigo ya magendo usiku mmoja alipata kuliko jasho la kutwa nzima. Mke wa kasisi akanunua, hakimu naye akanywa. Ndiyo maana bastola zilikaa mezani bila wasiwasi: nusu ya mji waliwaogopa wenye bastola, na nusu nyingine walikuwa wateja wao.

Hapo ndipo hadithi za watalii huishia, kwa kicheko na bia nyingine. Tuendelee kidogo.

Mwaka wa 1747 serikali iliikamata mashua iliyojaa chai, ikaufungia mzigo huo katika ofisi ya forodha ya Poole, mji wa pwani ulio magharibi zaidi. Usiku mmoja wa Oktoba, genge la Hawkhurst na wenzao wa Sussex wakavunja mlango wa ofisi hiyo na kuchukua chai yao. Wakirudi, walipita mji wa Fordingbridge mchana kweupe, watu wamejipanga barabarani kama wanatazama maandamano. Mmoja wao akamtambua fundi viatu aliyewahi kufanya naye kazi, Daniel Chater. Akamsalimia na kumrushia kifuko cha chai.

Kifuko kimoja. Chater akawasimulia majirani, majirani wakasimulia wengine, habari ikafika kwa watu wa forodha. Februari 1748 alisafirishwa kwenda kutoa ushahidi kwa hakimu, akisindikizwa na afisa wa forodha aliyekuwa mzee, William Galley. Njiani wakasimama Rowlands Castle, katika baa nyingine. Mjane mwenye baa akawashuku, akatuma watu wawaite wafanyamagendo.

Wawili hao walileweshwa, wakafungwa juu ya farasi na kuchapwa viboko kwa maili nyingi. Galley alizikwa shimoni. Mwili ulipofukuliwa, mikono ilikuwa imefunika uso, na wengi wakaamini alizikwa akiwa bado anapumua. Chater alifungwa kwa minyororo siku kadhaa, kisha akatupwa kisimani na kupigwa mawe hadi sauti yake ikakatika.

Baada ya hapo kimya kilivunjika. Barua isiyo na jina ikaonyesha alipozikwa Galley. Januari 1749, mjini Chichester, watu 7 walihukumiwa kunyongwa. 6 wakanyongwa, wa saba akafia gerezani kabla ya kufikishwa kitanzini. Aprili mwaka huo Thomas Kingsmill, kiongozi wa Hawkhurst, naye akanyongwa London kwa uvamizi wa Poole.

Genge likaisha. Magendo hayakuisha. Kwa miaka mingine 35 mashua ziliendelea kuvuka, kwa sababu hesabu ilikuwa ile ile. Kufikia 1784 ushuru wa chai ulikuwa asilimia 119. Mwaka huo waziri mkuu William Pitt akaushusha hadi asilimia 12.5, akaongeza kodi ya madirisha ili kuziba pengo. Kitanzi kilikuwa kimeshindwa, lakini kalamu ikaweza: magendo ya chai yakakosa faida, yakafifia.

Leo Mermaid ni hoteli, na wafanyamagendo wamekuwa pambo lake. Si vibaya kuwakumbuka. Kodi ile ilikuwa ya kuumiza kweli. Lakini anayetaja bastola mezani amtaje pia fundi viatu aliyekufa kwa kifuko cha chai ambacho hata hakukiomba.