Rubisi Haikuhitaji Kufukuliwa

Mtaalamu wa akiolojia Patrick McGovern alichunguza mabaki ya kinywaji katika vyombo vya kaburi la Gordion, Uturuki, lenye umri wa miaka 2,700 hivi, na kiwanda cha Dogfish Head cha Marekani kikatengeneza kwa mwongozo huo bia ya shayiri, zabibu na asali iitwayo Midas Touch. Ni kazi ya kuheshimiwa, na anayeinywa kwa furaha hakosei. Ila Bukoba na Muleba pombe ya kale haikuzikwa. Rubisi ya Wahaya ingali inatengenezwa: ndizi za embire huivishwa, humenywa na kukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa, maji ya ndizi huongezwa unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja hivi pombe huwa tayari.

Mpinzani atauliza: ukale gani huo, ilhali ndizi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki? Ni kweli, na mtama tu ndio wa Afrika. Lakini embire ni miongoni mwa migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, jamii ambayo huko Asia haipo. Mgomba huu hauzai kwa mbegu. Huzaa kwa machipukizi, kwa hiyo aina mpya hudumu pale tu mkulima anapoona tofauti, akaipenda na kuipanda tena. Embire ni kakasi, haifai kupikwa kama ndizi nyingine. Nani angeitunza kizazi baada ya kizazi kwenye kibanja chake, kama si kwa ajili ya pombe? Mmea wenyewe ni ushahidi, na kwangu una uzito sawa na ule wa chombo cha kaburini.

Wengine husema ni ulevi tu uliopambwa kwa jina la mila. Madhara ya ulevi yapo, hasa pale pombe ya ndizi inapogeuzwa kuwa pombe kali ya kukenekwa. Hata hivyo Robert Carlson, aliyeandika mwaka 1990 kuhusu pombe ya ndizi Bukoba, aliionyesha ikifunga watu kwa kupeana na ikiwaunganisha na wazee waliotangulia. Kinywaji chenye kazi hiyo hakiwezi kupimwa kwa walevi peke yao.

Hatari ninayoiogopa zaidi iko shambani. Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba uligundulika Muleba, nao huenezwa na wadudu wanaotembelea maua pamoja na mapanga yasiyosafishwa. Kainja, ndizi ya pombe iliyokuja baadaye, hushambuliwa kirahisi mno. Basi anayetamani kuiona rubisi ndani ya chupa nzuri na aanzie kibanjani: akate ua dume kwa kijiti chenye panda, asafishe panga lake, na apande embire.