Mlango wa Nyamirambo: tunamheshimu nani, na kwa nini?



Kila ikikaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, swali linarudi lile lile: mwaka huu nani apewe cheti? Mara nyingi cheti kinaenda kwa mwenye cheo, au kwa yule anayejua kushika kipaza sauti. Mimi sipingi vyeti. Ila kabla ya kuandika jina la mtu, naomba tuangalie historia ya huu mji tunaoishi, Kigali. Tuone watu waliookoa wengine walikuwa wanafanya nini siku za kawaida, kabla ya mtu yeyote kuwajua.

Tuanze Nyamirambo. Wengi wetu tunapajua vizuri. Ndiko ukitembea unasikia Kiswahili barabarani, na upande wa Biryogo kimezoeleka tangu enzi za ukoloni. Huko ndiko kulikuwa na kituo cha watoto yatima cha familia ya Gisimba. Wazazi walianza kupokea watoto wasio na mtu, na walipofariki, kijana wao Damas Mutezintare Gisimba akaendeleza kazi pamoja na ndugu yake. Hakuwa waziri, hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mtu wa mtaa anayejua watoto wake wamekula au hawajala.

Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Watu walikimbilia kwa Gisimba kwa sababu moja rahisi sana: walikuwa wanajua ile nyumba haifukuzi mtu. Kituo kilichokuwa cha watoto wachache tu kikajaa. Walikuja watoto, wakaja na watu wazima, majirani, hata watu ambao hakuwajua. Wengine walifichwa juu ya dari. Mpaka mwisho walikuwa karibu watu 400.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Tunaposikia neno "shujaa" tunaona mtu amesimama mbele ya bunduki, na kweli hilo lilikuwepo. Lakini siku nyingi kati ya zile siku mia moja, kazi ilikuwa maji. Watu 400 wanakunywa nini leo? Watoto wadogo wanakula nini? Huyu anayeharisha tumweke wapi? Huyu analia usiku, nani atamnyamazisha kabla sauti haijafika barabarani? Ni kazi zile zile ambazo ninyi wahudumu wa mashirika mnazijua kambini: kuhesabu, kugawa, kutuliza, kuomba.

Na hakufanya peke yake. Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Carl Wilkens, wa shirika la Wasabato la ADRA. Wageni walipoondoka Kigali yeye alikataa kuondoka, na alikuwa anapeleka maji pale kituoni. Siku moja alikuta wauaji wamezunguka nyumba. Alienda ofisi ya mkoa kutafuta msaada, na huko akakutana na Jean Kambanda, waziri mkuu wa ile serikali ya mauaji. Akamwomba uso kwa uso awalinde watoto. Kambanda akakubali, na baadaye wale watu wakahamishiwa kanisa la Saint Michel, mjini. Tarehe 4 Julai mji ukawa mikononi mwa RPF. Kambanda mwenyewe alikuja kukiri makosa mbele ya mahakama ya Arusha, na mwaka 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Hapo tusome vizuri. Wilkens aliweza kuwaombea kwa sababu Gisimba alikuwa bado anawalinda. Na Gisimba aliweza kuwapokea kwa sababu mlango ulikuwa wazi miaka mingi kabla. Ujasiri wa 1994 ulikuwa mazoea ya zamani yaliyofikiwa na siku mbaya. Mtu aliyezoea kusema "huyu naye aingie" wakati wa amani, wakati wa hatari mdomo wake ulijua la kusema.

Rwanda ina jina la kuwaheshimu watu wa namna hiyo: Abarinzi b'Igihango, yaani walinzi wa igihango. Igihango ni agano la zamani la urafiki, la watu walionywana damu, ambalo ukilivunja umejiletea balaa. Shirika la Unity Club ndilo linalowatambua kitaifa, na Damas Gisimba alipewa heshima hiyo. Alifariki mwaka 2023.

Kuna jambo lingine kuhusu yeye ambalo linanigusa zaidi. Serikali ilipoanza kuwatoa watoto kwenye vituo na kuwapeleka katika familia, kituo chake kiliacha kuwa makazi. Kikabaki mahali ambapo watoto wa mtaa wanakuja kusoma na kucheza baada ya shule. Mtu mwingine angeshikilia ile nyumba, kwa sababu ndiyo iliyompa jina. Lakini mtoto akipata mama na baba wa kumlea, kiongozi wa kweli anafurahi, hata kama vitanda vyake vinabaki vitupu.

Mnaweza kusema: sawa, lakini yule alikuwa Mnyarwanda, kwao. Sisi ni wakimbizi, tutafungua mlango gani?

Basi tumtaje mkimbizi. Marguerite Barankitse, Mama Maggy, anatoka Ruyigi, Burundi. Oktoba 1993, siku chache baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, watu walivamia uaskofu wa Ruyigi alikokuwa anafanya kazi. Walimfunga kwenye kiti wakawaua watu 72 mbele ya macho yake. Aliwaokoa watoto 25. Hao ndio wakawa mwanzo wa Maison Shalom, nyumba iliyolea maelfu ya watoto wa makabila yote bila kuwatenganisha, na ikafika mpaka kujenga hospitali.

Mwaka 2015 alipinga muhula wa tatu wa rais, akalazimika kukimbia. Akafika Rwanda akiwa kama sisi: nyumba imeachwa, kazi ya zaidi ya miaka 20 imeachwa. Mwaka 2016 alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Aurora, huko Yerevan, Armenia. Angeweza kuishia hapo, apumzike. Lakini mwaka 2017 alifungua hapa Kigali kituo cha Oasis of Peace, ambako wakimbizi wanajifunza ufundi, wanapata mtu wa kuwasikiliza, na vijana wanasaidiwa kurudi masomoni. Kambi ya Mahama nayo hakuisahau. Alikimbia na mikono mitupu, lakini ile tabia ya kufungua mlango alikuja nayo.

Kwa hiyo mlango si lazima uwe wa nyumba yako mwenyewe.

Na hao wakubwa wawili wasitufiche wadogo. Hapa Rwanda kila mtaa una abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya waliochaguliwa na majirani zao. Kazi hiyo ilianza mwaka 1995, wakati nchi haina madaktari wa kutosha. Mpaka leo wanapima watoto malaria, wanapima utapiamlo, wanamhimiza mama mjamzito afike kliniki. Kila mtaa una pia inshuti z'umuryango, marafiki wa familia, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, wanaogonga mlango wanaposikia mtoto anapigwa au ameacha shule. Ni watu wa kujitolea. Na kambini kuna wakimbizi wenzetu wanaofanya hivyo hivyo: anayemsindikiza mgonjwa, anayemtafsiria bibi asiyejua Kinyarwanda wala Kiingereza, anayebeba kuni za mzee wa jirani. Majina yao hayako kwenye ripoti.

Ndiyo maana swali la cheti si dogo. Tukimpa heshima mwenye sauti kubwa tu, tunawafundisha wadogo zetu kwamba kuongoza ni kuongea. Siku ikigeuka, na sisi tunajua zaidi ya wengine kwamba siku zinageuka, watakimbilia kwa nani?

Pendekezo langu ni hili. Mwaka huu, kabla ya kuandika jina lolote, tuulize maswali matatu kwa majirani wa huyo mtu. Usiku mtoto akiugua, mnagonga kwa nani? Nani anajua nyumba ambazo leo hazijawasha moto? Na mtu mgeni akifika bila karatasi wala ndugu, nani anampa pa kulala kabla ya kumuuliza kabila?

Jina litakalotajwa mara nyingi, hilo ndilo tuliandike. Kama ni la mama anayeuza mboga na hajui kusoma, tumsomee hicho cheti kwa sauti. Halafu siku inayofuata twende tumwulize: Mama, kazi gani tukusaidie?

Wahudumu mnaosoma hapa, nanyi mkija mtaani msituulize tu kiongozi ni nani. Tuulizeni mlango upi hauna kufuli.