Mafiga, LUKU na Kikapu: Kina Mama wa Mbinga na Moto wa Nyumba



Sisi tunaoshona nguo za harusi huku Mbinga husikia orodha ya vyombo kabla hata mama mkwe hajaisikia. Friji, blenda, pasi, birika la umeme, jiko la gesi. Mwenyezi Mungu azidishe. Ila ni nadra kumsikia bi harusi akiulizwa moto wa nyumba yake utakula shilingi ngapi kwa mwezi. Bibi zetu wa huku walilipigia hesabu jambo hilo muda mrefu kabla ya nguzo ya kwanza ya umeme, na leo tunataka kuwasimulia.

Kwanza mjue mahali penyewe. Juu ni milima ya Umatengo, ambako Juni na Julai mtu hulala na blanketi mbili. Chini ni mwambao wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, wenye joto ambalo nyie wa visiwani mngelitambua mara moja. Zamani yote ilikuwa wilaya moja ya Mbinga. Sasa mwambao una wilaya yake, Nyasa.

Katika karne ya 19 Wamatengo walibanana milimani wakikimbia mashambulizi ya Wangoni. Watu wakawa wengi, ardhi finyu, miteremko mikali. Huko ndiko kilikokua kilimo cha ngoro: majani hufyekwa, hupangwa kwa miraba, hufunikwa kwa udongo, na katikati hubaki shimo la kukinga maji ya mvua. Kwa desturi mwanamume hufyeka, mwanamke huchimba. Majani hayachomwi, yanazikwa yawe mbolea. Jicho hilo hilo lilihamia jikoni. Kahawa ilipoingia miaka ya 1920, matawi yaliyopogolewa shambani yakawa kuni.

Mafiga matatu, tuseme kweli, ni jiko la hasara. Moto mwingi unakwenda pembeni na moshi unabaki kifuani mwa mama. Lakini wazee walijua kuupunguzia ulafi wake. Kuni zilianikwa juu ya jiko zikauke, maana kuni mbichi hutumia moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake kabla hazijachemsha yako. Maharage yaliloweshwa usiku kucha. Upepo ulikingwa. Na chungu kilifunikwa. Mtume wetu (s.a.w.) ametuelekeza kufunika vyombo na kuzima taa tunapolala. Makusudio ya mafunzo hayo ni kinga, kwani taa ya utambi ingeweza kuunguza nyumba, lakini mwenye kuyafuata huokoa na moto pia. Ubadhirifu nao mnajua Sura ya Al-Israa inavyousema.

Kule ziwani jua ndilo jiko kubwa. Dagaa huanikwa ufukweni na kukauka bila kuni hata moja, wakati samaki wakubwa wakibanikwa hula magogo mengi. Nyumba za nyasi nazo zilikuwa na ubaridi mchana. Bati ni heshima, na halivuji, lakini bati lisilo na dari huchoma mchana kule Mbamba Bay na kugandisha usiku huku Mbinga. Nyie mna kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, zinazochelewa kupata joto. Anayejenga leo kwa tofali jembamba na bati tupu atanunua feni, kisha atanunua umeme wa feni. Afadhali fedha ya kwanza iende kwenye dari na madirisha yanayotazamana.

Umeme wetu kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli, na kukatika ilikuwa kawaida. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole, wilaya ya Songea, walianza kuzalisha umeme wa maji pale Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, wakauza kwa TANESCO. Si wa dini yetu, lakini wanawake waliowasha taa za mji tunawapa haki yao. Mwaka 2018 njia ya umeme kutoka Makambako, kilomita 250, ikaifikisha Songea kwenye gridi ya taifa, na nasi tukapumua.

Baada ya hapo ndipo tulipojifunza hesabu ya LUKU, ambayo nyie mnaiita TUKUZA. Balbu ya LED ya wati 9 huwaka zaidi ya saa 100 kwa uniti moja. Pasi ya wati 1,000 huimaliza uniti hiyo kwa saa moja. Dukani kwetu nguo hukusanywa zikapigwa pasi kwa mkupuo mmoja, na za mwisho, kama mitandio laini, hupigwa pasi ikiwa imeshazimwa. Cherehani ya kukanyaga bado tunaitunza. Huku bara mwenye nyumba asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anaweza kubaki kwenye daraja la bei nafuu, kwa hiyo pasi ya kila asubuhi ndiyo inayokupandisha daraja, taa umeionea bure. Na jiko la presha la umeme, ambalo wengi wanaliogopa, hupika sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja.

Tumebakiza kikapu, tunachokipenda kuliko vyote kwa kuwa ni kazi ya sindano. Nyie mnajua kupalia wali: maji yakikauka, makaa yanawekwa juu ya mfuniko, moto wa chini unapunguzwa, chakula kinaivishwa na joto lililokwisha kuwemo. Kikapu kinafanya hivyo bila makaa. Mwaka 1867 kifaa cha namna hii kutoka Norwei kilionyeshwa kwenye maonyesho ya Paris, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walipika kwenye masanduku ya majani makavu kuokoa makaa ya mawe. Wazanzibari mliokaa gizani mwezi mzima mwaka 2008, na miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, mngekifurahia.

Tunakishona hivi. Mifuko miwili ya kitenge kizito, mmoja ndani ya mwingine, katikati panajazwa mabaki ya vitambaa au pamba, unene wa kiganja, na mto wa kufunikia juu. Maharage yaliyolowekwa yachemke dakika 20, sufuria ijae na ifunikwe, iingie kikapuni mara moja, isifunguliwe kwa saa nne. Kabla ya kupakua, yarudishwe motoni yachemke tena. Mwezi wa Ramadhani yanaingia baada ya Adhuhuri, na karibu na Magharibi yanataka nazi tu. Kitambaa cha ndani kiwe cha pamba tupu, maana nailoni hushikana na sufuria ya moto.