Somo la Historia: Watu Walivyoungoja Mwaka 2000

Sogeeni karibu na redio, na kila mtu awe na kalamu na daftari. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: milenia, hofu, uchunguzi.

Milenia ni muda wa miaka 1000. Hesabu ya miaka tunayoitumia ilitungwa na mtawa mmoja wa Roma, jina lake Dionysius Exiguus, mwaka 525. Hesabu hiyo haina mwaka wa sifuri. Huanza na mwaka 1. Kwa hiyo milenia ya tatu, kwa hesabu kamili, ilianza tarehe 1 Januari 2001. Lakini watu wengi waliungoja mwaka 2000, kwa sababu tarakimu zote nne zilikuwa zikigeuka pamoja. Hapo twaona jambo la kwanza: tarehe haina nguvu yenyewe. Nguvu yake hutoka katika mawazo ya watu.

Je, watu wa Ulaya waliuogopa mwaka 1000? Wanahistoria wangali wakibishana, maana watu walioandika zama zile walikuwa wachache. Lakini mwaka 2000 ulipokaribia, wachunguzi waliweza kuwauliza watu wenyewe.

Hofu kubwa ilihusu kompyuta. Zamani nafasi ya kuweka habari ndani ya kompyuta ilikuwa ghali, basi mafundi wakaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Mwaka 1965 uliandikwa 65. Je, ikija 00, kompyuta itajuaje kama ni 2000 wala si 1900? Watu wakahofia fedha zao benki, umeme, na ndege angani.

Huko Marekani shirika la Gallup liliuliza maoni ya watu mara kwa mara. Desemba 1998, karibu mtu 1 katika kila 3 alisema makosa hayo yataleta matatizo makubwa. Desemba 1999, waliosema hivyo hawakufika hata 1 katika 10. Siku ilikuwa ikikaribia, na hofu ilikuwa ikipungua! Katika mwaka ule mafundi walikuwa wakitengeneza kompyuta, na watu wakapewa habari za kazi ilipofikia. Wazee walisema, usilolijua ni usiku wa giza.

Palikuwa na hatari nyingine, nayo haikutoka katika kompyuta. Watu wakisikia kwamba benki itakosa fedha, wote wakaenda kuzitoa siku moja, benki itakosa fedha kweli, hata kama kompyuta zake ni nzima. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa hiyo Benki Kuu ya Marekani iliweka tayari noti za ziada za dola bilioni 50. Siku ilipofika palitokea makosa madogo madogo tu. Wengine wakasema kazi ile yote ilikuwa bure. Wengine wakajibu kwamba mambo yalikuwa shwari kwa sababu kazi ilifanywa.

Sasa tuangalie wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mawazo ya mtu. Mwaka 1954, katika Marekani, kikundi kidogo karibu na Chicago kiliamini kwamba gharika itakuja tarehe 21 Desemba. Mtaalamu Leon Festinger na wenzake walituma watu wakaingia kikundini kwa siri. Gharika haikuja. Katika kitabu chao cha mwaka 1956 walisema kwamba baadhi ya waumini hawakuiacha imani, bali waliishika zaidi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kutoa mengi kwa ajili yake. Wataalamu wa baadaye wameutilia shaka uchunguzi huo, kwa sababu wale wapelelezi wenyewe walikigeuza kikundi. Lakini swali lake limebaki: mtu aliyetoa kila kitu atakirije kwamba amekosea?

Swali hilo lina uchungu kwetu Afrika Mashariki. Huko Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda, kikundi kilichoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde kilifundisha kwamba dunia itakwisha mwaka 1999 utakapokwisha. Waumini waliuza mali zao. Mwaka ukapita, dunia ikabaki. Viongozi wakataja siku nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, na watoto miongoni mwao, waliteketea ndani ya jengo lililofungwa. Baadaye maiti nyingine zilifukuliwa katika nyumba za kikundi hicho.

Ndugu zangu, hofu si dhambi. Hofu ya kompyuta iliwatuma watu kazini. Hofu ya Kanungu iliwanyang'anya watu mashamba yao, kisha roho zao. Basi mtu akikuambia uuze shamba kwa sababu ya tarehe fulani, mwulize: Umejuaje? Fedha zitakwenda kwa nani? Na siku ikipita, utatuambia nini?

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini milenia ya tatu ilianza mwaka 2001?
2. Uvumi waweza kuifilisi benki nzima namna gani?
3. Je, umepata kuona mtu akishika neno hata baada ya kuonekana si kweli? Eleza.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.